Wangila wa Muthurwa na Raundi ya Tisa

Jumapili ya tarehe 24 Julai, 1994, nilisema neno ambalo nikilikumbuka huona haya mpaka leo. Nilikuwa Pumwani, Nairobi, nimeketi barazani kwa ami yangu, na mbele yetu birika la kahawa. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini miaka mingi ya ujana wangu niliila katika mitaa ile ya Mashariki ya Nairobi, na mazungumzo ya baraza yetu yalikuwa mawili tu: mpira na ndondi. Siku hiyo zilikuwa zimetufikia habari kutoka Las Vegas, Marekani, kwamba kijana wetu Robert Wangila amesimamishwa na mwamuzi katika raundi ya tisa, hali yungali wima kwa miguu yake na mwenyewe amekataa katakata kwamba ameshindwa.

Basi mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kudai kuwa ameonewa. Nilimlaani mwamuzi yule nisiyepata kumwona hata siku moja. Nilisema kwamba laiti kijana angekuwa Mmarekani angeachwa amalize pambano lake. Wenzangu waliniunga mkono, na ami yangu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Wala hatukujua kwamba wakati ule Wangila alikuwa amelala hospitali hana fahamu, na kwamba siku ile ile ndiyo ingekuwa ya mwisho wake duniani.

Kwa msomaji ambaye hakuuwahi wakati wake, heri nianze mwanzo.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba, 1967. Watu wa Muthurwa humhesabu mtoto wao, na klabu ya ndondi ya Dallas, iliyokuwa ikifanyia mazoezi yake katika ukumbi wa mtaa huo, haitajwi pasipo jina lake kutajwa. Muthurwa ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa Reli, nyumba za mstari zilizobanana karibu na Barabara ya Landhies, hatua chache tu kutoka katikati ya jiji. Ukitoka hapo ukivuka Kamukunji unaingia Gikomba, na mbele yake ndiyo Pumwani yetu. Ukishika upande wa Barabara ya Jogoo utakutana na Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni. Aliyekaa mitaa hiyo anajua kwamba kila mtaa ulikuwa na ukumbi wake, na ukumbi ndio uliokuwa roho ya mtaa. Humo humo harusi, humo humo dansi, na jioni vijana hutundika mfuko wao wa mchanga wakaupiga mpaka kiza kikaingia.

Kijana wa mitaa ile alikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni mpira, na nje ya ukumbi kila kiwanja cha vumbi kilikuwa na timu yake. Lakini katika miaka ile ya sabini na themanini, mchezaji mpira hodari kabisa wa Nairobi, upeo wa matumaini yake ulikuwa kupata kazi katika shirika lenye timu, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwenda Ulaya kulipwa kwa kucheza ilikuwa ni ndoto. Mlango wa pili ni ndondi, na huo ulikwisha kuonekana kuwa unafunguka nje. Philip Waruinge alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akapewa na kombe la mwanandondi mwenye ufundi kuwashinda wote. Mwaka 1972 kule Munich akapata ya fedha, kisha akaenda Japani kupigana kwa kulipwa. Steve Muchoki naye akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978. Vijana wa kumbi zetu waliyajua majina hayo kama wanavyozijua hesabu za madukani.

Jina la Wangila lilianza kusikika sana mwaka 1987, Kenya ilipoandaa Michezo ya Afrika Nzima. Alitwaa dhahabu katika uzani wa welta mbele ya watu wake. Alikuwa hajatimiza hata miaka ishirini. Hakuwa mcheza madoido. Wako wanandondi ambao mtu hustarehe kuwatazama wakicheza kwa miguu yao kama watu wa densi. Huyu hakuwa wao. Yeye alikuwa akienda mbele. Alikuwa na konde zito mno, na aliposhika mtu kwenye kamba hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Wazee wa barazani kwetu, ambao waliuhusudu ufundi wa Waruinge, walimwona kijana huyu kuwa ana papara kidogo. Lakini hata wao hawakuwa na la kusema juu ya ule mkono.

Mwaka uliofuata ndio wa Seoul. Kenya haikwenda Olimpiki mwaka 1976 wala 1980 kwa sababu ya migomo ya kisiasa, na mwaka 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali alitutoa kimasomaso katika ndondi kwa nishani ya shaba. Wangila alipofika Korea, waliotajwa na wajuzi wa mchezo huo walikuwa wengine, hasa Mmarekani Kenneth Gould. Gould akatolewa katika nusu fainali na Mfaransa Laurent Boudouani. Wangila akapenya mpaka fainali, na huko akakutana na huyo huyo Mfaransa.

Saa za Korea ziko mbele sana ya zetu, kwa hivyo habari za michezo zilikuwa zikitufikia asubuhi, wengine hata chai hawajanywa. Nakumbuka mwanzo ule wa Oktoba 1988 ami aliiweka redio yake dirishani, sauti nje, ili jirani wasiokuwa nayo wapate kusikia. Ilipotangazwa kwamba Wangila amemwangusha Mfaransa katika raundi ya pili na mchezo umekwisha, kelele zilizotoka Pumwani zilijibiwa na kelele za Shauri Moyo, kana kwamba mitaa imeamkiana. Mke wa ami, ambaye ndondi aliichukia na kuiita mchezo wa wasiolelewa, alipiga kigelegele.

Na haikuwa jambo dogo. Hakukuwa na Mwafrika mweusi aliyepata kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki kabla yake. Kenya ilirudi kutoka Seoul na dhahabu tano, nne zote za wakimbiaji, yaani Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ndiyo ya Wangila. Chris Sande naye akaongeza shaba ya ndondi katika uzani wa kati. Tangu siku hiyo zimepita Olimpiki nyingi, mpaka ile ya Paris ya mwaka 2024, na Kenya haijapata dhahabu nyingine ila kwa mbio. Ya Wangila iko peke yake.

Mtu akishapata dhahabu, miaka ishirini na moja, na nyumbani hakuna ulingo wa kumlipa ipasavyo, atafanya nini? Wangila aliingia ndondi za kulipwa mwaka 1989 na kwenda kutafuta riziki Marekani. Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri, maana wengi hudhani mchezo ni ule ule. La. Ndondi za ridhaa za wakati ule zilikuwa raundi tatu, dakika tatu tatu, na mchezaji amevaa kofia ya kumkinga kichwa. Katika zile za kulipwa kofia hakuna, na raundi huwa nane, au kumi, au kumi na mbili. Yule aliyezoea kumaliza kazi yake katika dakika tisa hujikuta anaambiwa afanye ya nusu saa. Na kichwa alicholipwa nacho ni hicho hicho kimoja.

Si kwamba alishindwa kabisa. Alishinda zaidi ya mapambano ishirini, mengi yake kwa kuwaangusha wapinzani. Lakini alipoteza mengine ambayo watu wake walitarajia ashinde, na kila anapopoteza moja, njia ya kuelekea ubingwa wa dunia huwa ndefu zaidi. Wanaosimamia ndondi Marekani humpa mtu mapambano makubwa akiwa na jina safi. Likishapata doa huanza kumtumia kuwajaribia vijana wengine wanaopanda. Sisi huku hatukuyaelewa hayo. Kila aliposhindwa tulikuwa na sababu yetu, ama waamuzi, ama baridi, ama chakula cha kizungu. Tulimtaka awe kama alivyokuwa Seoul, siku zote. Nadhani naye alijitaka hivyo.

Ndipo tarehe 22 Julai, 1994, siku ya Ijumaa, akapanda ulingoni Las Vegas kupambana na David Gonzalez. Mwamuzi alikuwa Joe Cortez, mtu mwenye jina katika kazi hiyo. Pambano lilikuwa kali, na kadiri raundi zilivyopita Wangila ndiye aliyekuwa akipokea zaidi. Katika ya tisa Cortez akaona inatosha, akaingia kati. Wangila hakuwa ameanguka. Alikuwa amesimama, na akapinga.

Alipofika chumba cha kuvalia nguo alizimia. Hakuzinduka. Saa thelathini na sita hivi baada ya pambano, tarehe 24, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Jumatatu habari zilipofika, nilikuwa njiani kwenda kazini. Nilisoma kichwa cha gazeti mikononi mwa mtu mwingine ndani ya basi, nikashuka kituo kisichokuwa changu. Jioni sikwenda barazani. Nilikwenda siku ya pili, nikakuta kahawa inanywewa kimya, na hakuna aliyenikumbusha maneno yangu ya Jumapili. Ningependa angekuwapo wa kunikumbusha.

Baadaye nilielezwa na mtu aliyesomea mambo ya tiba jinsi yanavyotokea. Makonde mengi yakipiga kichwa, mshipa mdogo huweza kupasuka chini ya fuvu, na damu ikavuja polepole ikaubana ubongo. Katika dakika zile za mwanzo mtu huweza kusimama, kusema, hata kugombana na mwamuzi. Kwa hiyo kule kusimama kwake, ambako sisi tulikufanya ushahidi kuwa ameonewa, hakukuwa ushahidi wa kitu chochote. Cortez alimwona kwa macho yake naye akasimamisha. Kama kulikuwa na kosa la mwamuzi, basi labda ni kwamba hakusimamisha mapema zaidi. Mji ule ule wa Las Vegas ulikwisha kuona msiba kama huo mwaka 1982, Mkorea Duk Koo Kim alipopigwa na Ray Mancini mpaka raundi ya kumi na nne, akafa siku chache baadaye. Baada ya kifo cha Kim ndipo mapambano ya ubingwa wa dunia yalipoanza kupunguzwa kutoka raundi kumi na tano hadi kumi na mbili. Nami huwaza, Mkorea alikufa Las Vegas, na Mkenya aliyepata utukufu wake Korea akafa papo hapo Las Vegas.

Muthurwa wa siku hizi umebadilika. Sehemu yake imekuwa soko kubwa na kituo cha matatu, na aliyeondoka zamani akirudi atapotea. Ule mlango wa kwanza niliousema, wa mpira, nao hatimaye ulifunguka: McDonald Mariga na nduguye Victor Wanyama walikulia mtaa huo huo, Mariga akafika Inter Milan mwaka 2010, na Wanyama akacheza Celtic, Southampton na Tottenham. Niliwafurahia sana. Lakini kila Wanyama alipoanguka uwanjani na daktari akaingia mbio na mkoba wake, mimi nilikuwa nikimfikiria mwingine.

Laurent Boudouani, yule Mfaransa aliyeangushwa Seoul katika raundi ya pili, naye aliingia ndondi za kulipwa. Mwezi wa Agosti 1996 alimpiga Julio César Vásquez akawa bingwa wa dunia, na taji hilo akakaa nalo mpaka 1999. Niliisoma habari hiyo gazetini, fupi, katika ukurasa wa nyuma. Nikapiga hesabu. Wangila angekuwa na miaka ishirini na nane, bado siku chache atimize ishirini na tisa.