Edwin Armstrong, mutu aliyeondoa makelele katika redio

Ile redio kubwa ya stereo ya miaka ya 1970, Marantz, Pioneer ao Sansui, wenye kuichunga hawapendi kuiachilia. Sanduku la mbao, butoni nzito ya kutafutia stesheni, kisindano kinachocheza nyuma ya kioo chenye mwangaza, kisha sauti safi katika bafle mbili. Lakini kazi mbili za muhimu ndani yake zilitoka kwa mutu mumoja, na yeye alikufa mbele hata moja ya redio hizo haijatengenezwa.

Edwin Howard Armstrong alizaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Desemba 1890. Mwaka wa 1912, angali mwanafunzi katika Columbia University, alipata namna ya kurudisha umeme unaotoka katika lampi ya redio ndani ya lampi ile ile, ili sauti ndogo iongezeke mara nyingi. Lee de Forest, aliyetengeneza ile lampi, akasema kazi ni yake. Kesi ikaendelea miaka na miaka. Mwaka wa 1934 Tribunali Kubwa ya Marekani ikamupa De Forest haki. Armstrong akataka kurudisha medali aliyopewa na chama cha mainjinia wa redio. Wenzake wakakataa kuipokea, juu walijua nani alifanya kazi.

Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa mwanajeshi huko Paris. Hapo, mwaka wa 1918, akatengeneza superheterodaini: redio inachanganya wimbi linaloingia na wimbi lake yenyewe, na kila stesheni inageuzwa kuwa frekansi moja isiyobadilika, ambayo ni rahisi kukuza na kuchuja. Ndiyo sababu butoni moja inatosha. Alipooa Marion MacInnis mwaka wa 1923, zawadi yake kwa bibi-arusi ilikuwa redio ya namna hiyo, ya kubeba.

Lakini makelele yalibaki. Katika AM sauti inabebwa na ukubwa wa wimbi, na radi ao motere nayo inaharibu ukubwa ule ule. Armstrong akageuza mambo: ukubwa ubaki sawa, frekansi ndiyo ibadilike. Redio inakata kila kinachozidi, na makelele yanaenda nayo. Hiyo ni FM, aliyoipatia hati mwaka wa 1933. Novemba 1935 mainjinia walikusanyika New York kuisikiliza. Walisikia maji yakimiminwa katika kilauri na karatasi ikikunjwa, sawa vile iko mbele yao.

Kampuni ya RCA, ambamo yeye mwenyewe alikuwa na hisa nyingi, ilitia nguvu katika televisheni. Armstrong akajenga munara wake huko Alpine, New Jersey, kwa feza zake. Mwaka wa 1940 RCA ilimutolea dola milioni 1. Akakataa, akitaka ilipe kwa kila redio kama kampuni zingine. Mwaka wa 1945 serikali ikahamisha FM kwenye frekansi mupya, na redio zote za FM zilizokuwa nyumbani mwa watu zikakosa kazi. Mwaka wa 1948 akashitaki RCA. Kesi ikakula feza zake, hati zikaisha muda, bibi yake akaondoka nyumbani. Mwisho wa Januari 1954, akiwa na miaka 63, alijitoa uhai.

Marion hakuacha. Mwaka ule ule RCA ililipa karibu dola milioni 1. Kesi na kampuni zingine ziliendelea mupaka 1967, na alizishinda.

FM ya stereo iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1961, na zile redio za mbao zikafuata. Mutu akizungusha butoni leo kati ya 88 na 108, hata huku kwetu Congo, anapita katika njia ya Armstrong.