Kennedy na tezi za juu ya mafigo

Wazee wetu wa Kolwezi wanajua jina la Kennedy juu ya vita ya Katanga. Tarehe 21 Januari 1963, askari wa ONU waliingia hapa kwetu, mji wa mwisho uliobaki mukononi mwa Tshombe. Tshombe alikuwa ametisha kulipua mitambo ya Union Minière. Mitambo ikabaki. Ndege za Marekani njo zilikuwa zinabeba askari wa ONU na vyombo vyao, na mukubwa aliyeweka nguvu ya Marekani nyuma yao alikuwa kijana wa miaka 45, rangi ya jua usoni, anaonekana na afya sawa mucheza mupira. Kumbe ule mutu alikuwa anaishi kwa dawa kila siku. Hata ile rangi nzuri, waganga wengi wanasema ilitoka kwa ugonjwa.

John Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 karibu na Boston. Alikuwa mutoto wa magonjwa. Nyumba yao ilikuwa na pesa mingi, lakini pesa haikumupa tumbo zuri wala mugongo wenye nguvu. Katika vita, mwaka 1943, mashua yake ilipasuliwa na Wajapani katika Pasifiki; aliogelea saa nyingi akivuta mwenzake aliyeungua, akishika kamba yake kwa meno. Mugongo ulizidi kuharibika.

Mwaka 1947 alianguka mugonjwa huko London. Nguvu zimeisha, anatapika, damu yake haina musukumo. Munganga akamwambia iko ugonjwa wa Addison. Wakati wa kurudi kwa meli, padri alimupaka mafuta ya wagonjwa.

Tueleze kidogo, ndugu musomaji, juu hapa njo kuna maneno. Juu ya kila figo iko tezi moja ndogo. Kati ya vitu inavyotengeneza, kimoja kinaitwa aldosteroni. Kazi yake ni kuambia mafigo: shika chumvi, tupa potasiumu. Aldosteroni ikizidi, tansio inapanda. Ikikosekana, tansio inaanguka, chumvi inatoka na mukojo, potasiumu inajaa ndani ya damu mpaka moyo unaweza kusimama. Kennedy alikuwa wa ule upande wa pili: tezi zake zilikuwa zimekufa.

Thomas Addison, munganga wa London, aliandika juu ya ugonjwa ule mwaka 1855. Kati ya wagonjwa wake, kadhaa tezi zao ziliharibiwa na kifua kikuu. Sisi watu wa mugodi tusipite hapo haraka. Vumbi la mawe linafungua mulango kwa kifua kikuu, na kifua kikuu kinaweza kutoka kwenye mapafu kikaenda mpaka kwenye zile tezi. Mutu akikonda, akichoka bila sababu, akitamani chumvi sana, akisikia kizunguzungu akisimama, na ufizi wake ao mistari ya mikono yake ikizidi kuwa nyeusi, apelekwe hospitali.

Kennedy alipona namna gani? Waganga walimutia vipande vidogo vya dawa chini ya ngozi, dawa inayofanya kazi ya aldosteroni. Kisha ikafika kortizoni. Familia yake, wanasema, iliweka dawa akiba katika miji mbalimbali ya dunia ili asikose hata siku moja.

Karibu na mwaka 1960, alipochaguliwa, dawa nyingine ilianza kuuzwa, yenye kazi kinyume: spironolaktoni, wengine wanaijua kwa jina la Aldactone. Hiyo inazuia aldosteroni. Kwa mutu ambaye tezi zake zinatengeneza mingi kupita kiasi, ao ambaye tansio yake haisikii dawa zingine, ao mwenye moyo muchovu, ni dawa nzuri kabisa. Kwa mutu sawa Kennedy, ingekuwa sumu.

Njo sababu kidonge cha tansio cha jirani si chako, Papa. Mbele ya kuanza dawa hii, munganga anapima damu, potasiumu na kazi ya mafigo. Anapima tena kiisha kama wiki moja, kiisha mwezi, na kisha mara kwa mara. Mwenye mafigo mabaya anaweza kukatazwa kabisa. Na wale wanaotoka kazi na mugongo unauma, wanapita farmasi kuchukua ibuprofeni ao diclofenac: pamoja na spironolaktoni, hizo zinaweza kupandisha potasiumu na kuumiza mafigo. Bactrim pia inapandisha, na enalapril vilevile, kwa hiyo munganga ajue zote unazokunywa. Chumvi zile za bandia za watu wa tansio, nyingi ni potasiumu tupu. Ukianza kuhara ao kutapika sana, simamisha kidonge na ukaone munganga siku ile ile. Miguu ikilegea ao moyo ukikimbia ovyo, usingoje kesho. Mwanaume akiona matiti yanavimba, asione haya kusema. Kuna dawa nyingine ya kubadilisha. Mama mwenye mimba aseme mapema.

Tarehe 21 Oktoba 1954, Kennedy alipasuliwa mugongo New York. Kwa mutu asiye na tezi, kisu ni hatari kubwa. Kidonda kiliingia vidudu, akazimia, padri akaitwa tena. Mwaka uliofuata gazeti moja la waganga liliandika juu ya mugonjwa wa miaka 37 bila kutaja jina, alikuwa yeye.

Wapinzani walipotangaza ugonjwa wake mwaka 1960, watu wake walijibu kwa ujanja: hana ule ugonjwa wa Addison wa kitabu, maana yake ule wa kifua kikuu. Neno moja moja lilikuwa karibu na kweli, na yote pamoja ilikuwa uongo. Hatumusifu kwa hilo, hata kama tunaelewa woga wake wa kukosa kura.

Aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, miezi kumi kiisha ONU kuingia Kolwezi. Waganga waliopasua maiti walitafuta tezi juu ya mafigo, hawakuona kitu. Walinyamaza mpaka mwaka 1992.