Max Born: Mwanafizikia aliyetafuta mpaka wa uimara wa metali

Simamisha fito nyembamba ardhini, kisha uikandamize kwa kiganja kutoka juu. Mwanzo inabaki imenyooka. Ukizidisha nguvu, ghafla inapinda upande. Je, ni wakati gani hasa kitu huacha kuwa imara? Swali hilo lilimfuata mwanafizikia Max Born kwa zaidi ya miaka 30, na leo tunaangazia maisha yake.

Born alizaliwa tarehe 11 Desemba 1882 katika familia ya Kiyahudi mjini Breslau, wakati huo ukiwa Ujerumani. Leo mji huo unaitwa Wrocław na uko Poland. Mama yake alifariki Max akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake alikuwa profesa wa anatomia.

Alipokuwa akisoma Göttingen, profesa mashuhuri wa hisabati, Felix Klein, alimtaka achunguze jinsi nyaya na tepe za chuma zinavyopinda. Born hakuvutiwa na akajaribu kukwepa, jambo lililomuudhi Klein. Mwishowe alikubali. Alipiga hesabu za nishati inayojikusanya katika chuma kilichopindwa, akatengeneza vifaa vya kuhakiki hesabu zake, na mwaka 1906 akapata shahada ya udaktari.

Kutoka utepe hadi atomi

Metali imejengwa kwa atomi zilizojipanga kwa safu, kama matofali ya ukuta. Mpangilio huo huitwa fuwele. Mwaka 1912, Born na mwenzake Theodore von Kármán walipiga hesabu wakizichukulia atomi hizo kana kwamba zimeunganishwa kwa springi. Mwaka 1915 Born alitoa kitabu kizima kuhusu mitikisiko ya fuwele.

Mwaka 1921 alirudi Göttingen akiwa profesa. Huko yeye, Werner Heisenberg na Pascual Jordan walijenga misingi ya fizikia ya kwanta, elimu inayoeleza mwenendo wa atomi na elektroni. Mwaka 1927, pamoja na Robert Oppenheimer, alionyesha kwamba kwa kuwa viini vya atomi ni vizito mno kuliko elektroni, hesabu za viwili hivyo zinaweza kutenganishwa.

Akimbia nchi yake

Mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka. Born alisimamishwa kazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Akiwa na umri wa miaka 50, aliondoka na mkewe Hedwig na watoto wao. Alifanya kazi Cambridge, akakaa kwa miezi kadhaa Bangalore, India, na mwaka 1936 akapata uprofesa Edinburgh, Scotland.

Akiwa huko ndipo alipolirudia swali la ujana wake. Mwaka 1940 alichapisha masharti ya uimara wa fuwele. Ili kuyaelewa, fikiria gololi ndani ya bakuli. Ukiisukuma kidogo inapanda ukingoni, kisha inarudi chini. Lakini ukiliweka bakuli kifudifudi na gololi juu yake, msukumo mdogo tu unaiangusha.

Ndivyo ilivyo kwa fuwele. Kwa metali ambazo atomi zake zimepangwa kwa umbo la mchemraba, kama shaba na aluminiamu, kuna majaribio matatu: kuibana au kuitanua pande zote sawasawa, kuisukuma iende mshazari, na kuivuta upande mmoja huku upande mwingine ukibanwa. Iwapo kila badiliko linahitaji nishati, fuwele ni imara. Iwapo hata moja linapunguza nishati, atomi zitaacha mpangilio wao na kutafuta mwingine.

Masharti haya yanahusu fuwele isiyo na dosari. Metali halisi ina kasoro ndani yake, na ndiyo maana jembe lenye ufa huvunjika mapema.

Tuzo iliyochelewa

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932 alipewa Heisenberg peke yake, ingawa kazi ile waliifanya pamoja. Jambo hilo lilimuumiza Born. Yake ilikuja mwaka 1954, akiwa amekwisha kustaafu, kwa mchango wake katika fizikia ya kwanta. Alirudi kuishi Ujerumani, na mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliotia saini tamko la kuonya dhidi ya silaha za nyuklia. Alifariki Göttingen tarehe 5 Januari 1970.

Leo, kabla ya kuyeyusha hata gramu moja ya metali mpya, watafiti huijaribu kwanza kwenye kompyuta. Hutenganisha viini na elektroni kama Born alivyofundisha mwaka 1927, huivuta na kuibana fuwele kwa hesabu, huku wakiangalia nishati inapanda au inashuka. Kisha huuliza kama masharti ya mwaka 1940 yametimia. Yasipotimia, hujua mpangilio huo hautasimama.