John Wesley Hyatt na Mpira wa Biliadi

Wasomaji wengi wa Bujumbura wameuona mchezo wa biliadi: meza yenye kitambaa cha kijani, fimbo ndefu, na mipira inayogongana. Meza nzuri ni ghali kwa sababu chini ya kitambaa mna bamba la jiwe, zito, lililosawazishwa kama maji yaliyotulia. Lakini zamani mpira ndio uliowatia wenye meza wasiwasi, maana ulichongwa kwa pembe ya ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu. Pembe nyingi zilitoka pande zetu hizi. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa Rumaliza wa Ujiji wasiingie Burundi. Hata hivyo pembe za Kongo zilivushwa Ziwa Tanganyika, zikachukuliwa na wapagazi mpaka pwani, zikapakiwa melini Unguja.

Hyatt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1837 huko Starkey, katika jimbo la New York. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alikwenda Illinois akajifunza kazi ya kupiga chapa. Kemia hakufundishwa na mtu. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan na Collender, watengenezaji wa meza, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala ya pembe. Basi Hyatt, aliyekuwa akifanya kazi mjini Albany, akawa anafanya majaribio usiku na siku za Jumapili.

Mipira yake ya kwanza aliipaka kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi kisha ikayeyushwa. Ilikuwa na vituko! Mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kwamba pengine ikigongana hulia kama fataki. Mlio haukumsumbua, ila kila ukisikika wateja wote huchomoa bastola.

Mwaka 1870 Hyatt na nduguye Isaiah walipata hati ya uvumbuzi wa kuchanganya pamba ya namna ile na kafuri, kwa moto na kwa kukandamiza. Kitu hicho kiliitwa seluloidi. Kikafanyizwa mipira, meno ya bandia, vitana na vifungo.

Wako wasemao kwamba Hyatt aliwaokoa ndovu. Mimi sikubali. Wachezaji hodari waliendelea kudai pembe kwa miaka mingi, na vinanda navyo vilizila pembe bila kushiba. Alichofanya ni kuushusha mchezo kutoka majumba ya matajiri, kwa kuwa mpira haukungoja tena msafara wa Ujiji.

Baadaye alishughulikia kusafisha maji, na mwaka 1892 akaanzisha kampuni ya beringi. Alipata hati zaidi ya 200, na nishani ya Perkin mwaka 1914. Alifariki tarehe 10 Mei 1920, mwenye miaka 82.

Mipira ya siku hizi si seluloidi tena. Ni ya jamii ya bakelaiti, iliyovumbuliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent, na mingi hutengenezwa huko huko Ubelgiji.