Frederick Banting na Dawa ya Insulini

Ukifika Lisekese, mjini Masasi, katika mwezi wa Oktoba, utaona jinsi jua linavyokuwa kali. Watu warudipo kutoka kuokota korosho huenda kwanza kwenye mtungi kunywa maji ya baridi. Mtungi huo wa udongo una faida nyingine ambayo pengine huijui. Waweza kusaidia kuokoa maisha ya mtoto wa rika lako aliye na ugonjwa wa kisukari. Ili uelewe jambo hilo, soma kwanza habari za daktari mmoja, Frederick Banting.

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba, 1891, nchini Kanada, karibu na mji mdogo wa Alliston. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto, akamaliza mwaka 1916. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea. Alikwenda Ulaya kutibu askari, na mwaka 1918 alijeruhiwa mkono huko Ufaransa. Vita vilipokwisha alirudi kwao. Mwaka 1920 alianza kutibu watu, lakini wagonjwa waliomjia walikuwa wachache mno.

Zamani hizo kisukari hakikuwa na dawa. Wajua kwamba ugali wa muhogo ulao husagwa tumboni, ukageuka sukari, nayo sukari huingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa insulini. Insulini huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli za mwili ili ziupatie mwili nguvu. Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu, huku mwili ukibaki na njaa. Mgonjwa huona kiu sana, hukojoa mara kwa mara, na hukonda. Madaktari waliweza tu kumpunguzia chakula mtoto mgonjwa ili aishi siku chache zaidi. Mwishowe alikufa.

Wataalamu wengi walijaribu kupata dawa kutoka katika kongosho za wanyama, wasifaulu. Usiku mmoja wa Oktoba, 1920, Banting alipata wazo. Kongosho hutoa pia maji ya kusaga chakula. Banting alidhani kwamba maji hayo ndiyo yaliyoiharibu dawa. Je, mifereji ya maji hayo ikifungwa, dawa haitasalimika? Alimwendea Profesa Macleod wa Toronto. Profesa alikuwa na mashaka, lakini alimpa chumba cha maabara, mbwa wa majaribio, na msaidizi kijana, Charles Best.

Walianza kazi mwezi wa Mei, 1921. Mbwa wengi walikufa, lakini hawakukata tamaa. Kabla ya mwaka kwisha walikwisha kuona kwamba dawa yao hupunguza sukari katika damu ya mbwa wagonjwa.

Tarehe 11 Januari, 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipigwa sindano ya dawa hiyo. Dawa haikumfaa, kwa kuwa ilikuwa na uchafu. Ndipo mkemia James Collip alipoitakasa. Tarehe 23 Januari Leonard alipigwa sindano tena, na sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Banting na wenzake wangeweza kutajirika. Lakini mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliuza haki ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kila mmoja. Hawakutaka mtu yeyote aimiliki dawa hiyo peke yake. Mwaka huohuo Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting alimgawia Best nusu ya fedha zake. Alifariki tarehe 21 Februari, 1941, baada ya ndege yake kuanguka.

Hata hivyo, vikwazo havikwisha. Insulini haikiponyi kisukari. Mtoto mgonjwa huihitaji kila siku. Kwa watu wengi bei yake ni kubwa. Mkazi wa kijiji kilicho mbali katika uwanda wa juu wa Makonde husafiri mwendo mrefu hadi hospitali ya Newala au Masasi. Tena, joto huiharibu. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutunzwa katika jokofu lenye jotoridi la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Je, afanye nini asiye na jokofu?

Hapo ndipo mtungi unapohitajika. Maji hupenya polepole katika udongo wa mtungi, yakageuka mvuke. Yanapogeuka mvuke huchukua joto, na ndani hubaki baridi. Dawa huwekwa katika kopo kavu lenye kifuniko, ndani ya chungu kidogo. Chungu hicho huwekwa ndani ya chungu kikubwa, na kati yake hutiwa mchanga wenye maji. Vyungu vikikaa kivulini, dawa hudumu zaidi kuliko ikiachwa mezani.

Banting alivishinda vikwazo vya wakati wake. Vilivyobaki vinatungoja sisi, na wewe ni mmoja wetu.

Jaribio

Jaza maji chupa mbili zinazolingana. Moja ifunge kitambaa kilicholowa. Ziweke zote kivulini penye upepo kwa saa mbili. Ni ipi yenye maji ya baridi zaidi?

Maswali

1. Insulini ina kazi gani mwilini?
2. Kwa nini sindano ya kwanza haikumfaa Leonard?
3. Kwa nini Banting na wenzake waliuza haki yao kwa dola 1 tu?
4. Eleza jinsi mtungi unavyopoza maji.