JOHANNES REBMANN (1820–1876): MPANZI ALIYETUMAINI BILA KUONA MAVUNO

Usharika unapoadhimisha miaka mia moja, huhesabu wachungaji waliohudumu, watoto waliobatizwa na makanisa yaliyojengwa. Ni haki kufanya hivyo, kwa kuwa matunda hayo ni ya Bwana. Lakini historia ya Injili katika Afrika Mashariki inamkumbuka pia mtumishi aliyedumu shambani miaka 29, naye alipoondoka aliacha waumini wachache mno. Mtumishi huyo ni Johannes Rebmann. Maisha yake yanaonyesha kwamba furaha, amani na tumaini la Mkristo havina mizizi yake katika wingi wa mavuno.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani, akalelewa katika uchaji wa Walutheri wa huko. Alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, kisha akaingia katika utumishi wa chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS. Mwezi Juni 1846 aliwasili Mombasa. Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, mwenyeji mwenzake wa Württemberg, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika Mombasa mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Hivyo Rebmann aliianza kazi yake karibu na kaburi. Mwezi Agosti wa mwaka huo wawili hao walipanda kwenda Rabai kuanzisha kituo, wote wakisumbuliwa na homa.

Mwaka 1848 alisafiri kwenda nchi ya Wachaga akiongozwa na Bwana Kheri, pamoja na wapagazi wachache. Hakubeba silaha, bali mwavuli. Tarehe 11 Mei aliiona theluji juu ya kilele cha Kilimanjaro, akaketi akasoma Zaburi ya 111, inayoyasifu matendo makuu ya Bwana. Habari hizo zilipofika Ulaya hazikupokelewa na wote. Mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, alizikanusha kwa dharau, na ilipita zaidi ya miaka kumi hadi msafara wa Karl Klaus von der Decken ulipothibitisha ukweli wake.

Mwaka 1849 Rebmann alikusudia kupita Machame ili aifikie Unyamwezi. Huko Mangi Mamkinga alimwondolea karibu mali yote aliyoichukua kwa ajili ya safari. Rebmann alilia machozi, akarudi pwani mikono mitupu. Jambo hili halifai kufichwa, kwa maana amani ya Mkristo haimkatazi kulia. Baada ya machozi hayo alirudi Rabai, akashika kazi yake tena.

Wenzake waliondoka mmoja baada ya mwingine. Krapf, akiwa amedhoofika kwa maradhi, aliondoka mwaka 1853, naye Jakob Erhardt mwaka 1855. Rebmann alibaki na mkewe Emma, aliyefunga naye ndoa mwaka 1851. Mtoto wao wa kiume aliishi siku chache tu. Mwaka 1857 vita vya Wamasai viliwalazimisha kukimbilia Unguja, wakakaa huko karibu miaka miwili kabla ya kurudi Rabai. Mwaka 1866 Emma alifariki dunia, na Rebmann akabaki mjane katika kituo kile kile.

Katika miaka hiyo mirefu kazi yake kubwa ilikuwa lugha. Alikusanya maneno ya Kinyika, na aliitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Kwa msaada wa Salimini, mtumwa aliyetoka nchi ya Nyasa, alitunga kamusi ya lugha ya huko, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika Nyasa. Aliona mbele siku ambayo watu wa bara wangelisikia Neno kwa lugha yao, akawatayarishia maneno.

Uluguru nao haukuwa mbali na kazi hiyo. Kutokana na habari alizozikusanya pamoja na Erhardt kwa wafanyabiashara na watumwa, ilichorwa ramani ya bara yenye ziwa moja kubwa mno. Ramani ilikosea, kwa sababu iliyaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Hata hivyo iliwasukuma wataalamu wa London kuwatuma Burton na Speke, ambao mwezi Januari 1857 walimtembelea Rebmann. Mwaka huo huo msafara wao ulipita Zungomero, katika bonde la Mgeta chini ya Milima ya Uluguru, mahali palipopitiwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Rebmann hakwenda nao.

Hatimaye macho yake yalififia. Sir Bartle Frere alipofika Rabai mwaka 1873 alimkuta karibu haoni, naye bado yumo katika kamusi zake. Mwaka 1875 alirudi Ujerumani akiongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Aliyekwenda kuwaonyesha wengine njia ndiye sasa aliyeshikwa mkono na tunda la kazi yake. Alifariki dunia huko Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Mwaka wa kifo chake Luka ya Kiswahili ilipigwa chapa, na mwaka uliofuata kamusi ya lugha ya Nyasa. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1887, wamisionari kutoka Berlin walifika Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata Injili ikasonga mbele Uzaramo hadi Uluguru. Rebmann hakuyaona hayo. Mtume Paulo, katika Warumi 15:13, anamtaja Mungu wa tumaini kuwa ndiye ajazaye furaha na amani katika kuamini, wala hakuweka sharti la kuona kwanza. Walio katika msiba, ukame au upweke, na watumishi wa mitaa ambayo viti vyake havijai, wanaye Rebmann kama ndugu yao. Mavuno yana Bwana wake. Mpanzi hudaiwa uaminifu.