Bibi Katharina na Wageni Wake

Wengi wetu twazijua habari za Daktari Martin Luther, lakini habari za mkewe, Katharina von Bora, ni wachache wanaozijua. Yafaa tumkumbuke siku hizi za haraka, kwa kuwa mgeni akibisha hodi mara nyingi twajibu kwamba hatuna nafasi.

Katharina alizaliwa katika nchi ya Saksonia, huko Ujerumani, mwaka wa 1499. Angali mtoto alipelekwa kulelewa na watawa, na mwaka wa 1515 akaweka nadhiri katika nyumba yao ya Nimbschen. Mafundisho ya Injili yalipofika humo, yeye na wenzake kadhaa wakatamani kutoka. Wakati wa Pasaka, mwaka wa 1523, Leonhard Köppe, mfanyabiashara wa mji wa Torgau, akawatorosha usiku kwa gari lake la farasi. Katharina akafika Wittenberg hana mali wala jamaa wa kumpokea, akakaa katika nyumba za watu. Basi alijua ugeni kabla hajawa mwenyeji.

Tarehe 13 Juni 1525 aliolewa na Luther, wakakaa katika nyumba kubwa iliyokuwa zamani ya watawa wa Augustino. Mwaka uo huo akaja Andreas Karlstadt kutafuta kimbilio. Mtu huyu alikuwa ameshindana vikali na Luther kwa maneno na kwa vitabu, lakini vita vya wakulima vilimtia hatarini, naye akafichwa katika nyumba ile majuma kama manane. Hivyo mmoja wa wageni wa kwanza wa bibi arusi alikuwa mpinzani wa mumewe.

Mwaka wa 1527 tauni iliingia mjini, na watu wengi wakakimbia. Luther na mkewe hawakukimbia. Nyumba yao ikawa kama hospitali, naye Katharina alikuwa mja mzito.

Wala msidhani kwamba mama huyu alikuwa na nafasi nyingi. Alizaa watoto sita, akalea na yatima wa jamaa zao. Alilima bustani, akafuga nguruwe, akapika pombe ya nyumbani, akasimamia shamba. Luther alipenda kutoa bila kuhesabu. Ikambidi mkewe ahesabu. Wanafunzi waliopanga kwake aliwatoza fedha, na wengine wakamwona bahili. Lakini pasipo hesabu ile chungu kingalikuwa kitupu, na maskini angalirudi na njaa. Wazee wetu nao walijua kwamba mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe, wala hawakuona kuwa ni kumfukuza.

Mwaka wa 1542 Georg, mtawala wa Anhalt, alishauriwa asilale katika nyumba ile, kwa kuwa imejaa wanafunzi, wajane na watoto, wala haina utulivu. Lililosemwa kama aibu, kwetu ni sifa.

Luther alikufa tarehe 18 Februari 1546. Vita vikaja, na Katharina akakimbia na watoto wake; aliporudi aliyakuta mashamba yameharibiwa. Yeye aliyelisha wengi sasa aliomba msaada kwa barua. Mwaka wa 1552 tauni ilimtoa tena Wittenberg. Njiani farasi walishtuka, akaanguka, akaumia sana. Akapata malazi huko Torgau, mji wa yule aliyemtorosha zamani, akafa humo tarehe 20 Desemba.

Ndugu, Katharina hakungoja kazi ziishe ndipo afungue mlango. Kumpokea mgeni kulikuwa mojawapo ya kazi zake, nako kulipangwa pamoja na bustani na mifugo. Sisi twamwekea mgeni masalio ya siku yetu, kisha twashangaa kwamba hayatoshi. Mwalimu na mzee wa kanisa watazame nyumba zao: je, kiko kiti cha mtu asiyetazamiwa? Maana hakuna ajuaye siku atakayobisha hodi yeye mwenyewe.